UZI: Fahali wa kutuzalia mitamba ya kubaki zizini, tunamchaguaje?

#1 Mfugaji wa Utange

Waungwana, salaam. Kila maonyesho ya kilimo ya Mkomani, hapa Mombasa, yakikaribia, swali humu huwa moja tu: mbegu ya nani inashinda mwaka huu? Picha za fahali zinazunguka kwenye simu, mgongo umenyooka, manyoya yanang'ara, na kila mtu anataka mrija wa mbegu yake. Mimi naomba tulijadili swali la pili, ambalo huwa hatulifikii. Utepe ukishafungwa na lori likirudi nyumbani, ni binti yupi atakayebaki zizini akuzalie ng'ombe wako wa miaka kumi ijayo, na baba yake ulimchagua kwa lipi?

Msimamo wangu nauweka mbele ili anayetaka kupinga apinge vizuri. Kwa mitamba ya kubaki, fahali namchagua kwa kiwele na miguu ya binti zake ambao wameshazaa mara ya pili na ya tatu. Baada ya hapo natazama kama hao binti wanashika mimba kwa urahisi. Urefu na mbwembwe za ulingoni huja mwisho, na mara nyingi havifiki.

Tuanze na hesabu. Ukimpandisha ng'ombe wako, ukambakisha bintiye, naye ukampandisha ukambakisha mjukuu, kisha mjukuu akazaa, yule mtoto wa mwisho ana sehemu saba kati ya nane za damu kutoka kwa fahali watatu uliowachagua wewe. Yule bibi uliyeanza naye, hata awe alikuwa bingwa, amebakiwa na sehemu moja tu ya nane. Kwa hiyo mtu anayesema "mimi nina ukoo mzuri wa majike" bila kujali mbegu anayotia, ukoo huo anaumaliza kwa mkono wake ndani ya vizazi vitatu.

Sasa hali ya hewa yetu. Maonyesho huangukia mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, na wakati huo kusi bado inavuma. Usiku kuna ubaridi, ng'ombe anakula vizuri, ngozi inapendeza. Jaji anamwona katika siku zake njema kabisa. Njoo umwone ng'ombe huyo huyo Februari na Machi, kaskazi inapolegea, hewa imesimama na unyevu umejaa. Friesian mrefu wa maziwa mengi anasimama mdomo wazi, mate yanadondoka, mbavu zinakwenda mbio hata saa nne za usiku. Halali chini akacheua. Chakula anakiacha, maziwa yanashuka, na akitaka dume haonyeshi dalili, siku ishirini na moja zinapita nyingine zinaingia. Mtamba aliyechaguliwa kwa sura ya Agosti ndiye huyo huyo utakayemlisha mwezi Machi.

Kiwele nakitolea maneno mengi zaidi, maana hapo ndipo majike mengi hutolewa zizini kabla ya wakati. Fahali hana kiwele cha kukuonyesha, kwa hiyo unasoma binti zake na mama yake. Natafuta kiwele kilichoshika vizuri tumboni kwa mbele, kwa nyuma kiwe kimepanda juu na kipana, na ile kano ya katikati iwe na nguvu kiasi cha kuacha mfereji unaoonekana. Kano hiyo ikilegea, kwa uzao wa tatu kiwele kinakuwa chini ya goti la nyuma, chuchu zinatazama nje, ng'ombe anajikanyaga akiinuka. Binti wa uzao wa kwanza karibu wote wana viwele vizuri. Ndiyo maana nasisitiza uzao wa pili na wa tatu.

Halafu kuna jambo la huku kwetu ambalo karatasi ya fahali, ile inayoorodhesha sifa anazorithisha, haikupigii kelele: urefu wa chuchu. Katika nchi ambako kila ng'ombe anakamuliwa kwa mashine, chuchu fupi haimsumbui mtu, na koo nyingi za kisasa zimekwenda upande huo. Huku kwetu wengi tunakamua kwa mkono. Chuchu ikiwa ya sentimita tatu, kiganja hakina pa kushika. Mkamuzi anavuta kwa kidole gumba na cha shahada, ngozi inachubuka, ng'ombe anaanza kurusha teke, maziwa ya mwisho yanabaki ndani na ugonjwa wa kiwele unapata mlango. Chuchu ya sentimita tano hivi inajaa mkononi na kazi inakwisha upesi. Kwenye karatasi ya fahali tazama mstari wa urefu wa chuchu, uone umelalia upande wa fupi au wa ndefu. Tazama na nafasi ya chuchu za nyuma, maana zikikaribiana sana mkono haupiti. Fahali mwenye sifa zote nzuri lakini mstari huo umelala mbali upande wa fupi, mimi namwacha aende.

Miguu nitaisema kwa ufupi. Ng'ombe wetu wengi wa mjini wanaishi juu ya sakafu ya saruji, hawaendi malishoni. Mguu wa nyuma ulionyooka kama fimbo unaumia goti, na uliopinda sana unaweka uzito kisiginoni, kwato zinarefuka mbele. Tafuta wa wastani, na kwato yenye kimo kisiginoni.

Tuendelee.

#2 Kijana wa Likoni

Shikamoo ami. Shukran kwa somo. Mimi nina majike machache ya Jersey na mtamba mmoja nataka nimlete Mkomani. Jirani yangu ana fahali wa Jersey mzuri sana, alishapata nafasi kwenye maonyesho. Anatoza kidogo kuliko mtu wa uhamilishaji, yule anayetia mbegu kwa mrija, tena mara nyingi ng'ombe anashika mara moja. Kuna ubaya gani nikimtumia yeye moja kwa moja?

#3 Mfugaji wa Utange

Marahaba mwanangu. Ubaya ni mambo mawili, na la kwanza ni maradhi. Fahali anayezunguka mazizi ya mtaa anabeba kutoka zizi hili kwenda lile. Kuna brusela, kuna trikomona, kuna kampilobakta. Hizo mbili za mwisho fahali mwenyewe haonyeshi ugonjwa wowote, ila majike yanarudia rudia kutaka dume na mengine yanatupa mimba changa. Kama hajapimwa, usimkaribishe.

La pili ni damu. Mwaka huu anampanda ng'ombe wako, baada ya miaka miwili binti yuko tayari, na fahali bado yupo kwa jirani. Ukimpandisha binti kwa baba yake, mtoto ana asilimia 25 ya damu iliyojirudia. Ndugu wa baba mmoja wakikutana, ni asilimia 12.5. Binamu wa damu wakikutana, 6.25, na wafugaji wengi hapo ndipo wanapoweka mpaka. Hasara yake haiji kwa kishindo: ndama dhaifu kidogo, mimba zinashika kwa tabu, maziwa yanapungua kidogo kidogo, na mfugaji analaumu chakula.

Hata uhamilishaji haukukingi kama huandiki. Kila mrija una jina na namba ya fahali. Mtaalamu akishamaliza, mwombe akuachie cheti, nawe uandike kwenye daftari la zizi siku hiyo hiyo.

#4 Mzee wa Changamwe

Mwanzisha uzi, nakuheshimu lakini hapa kwenye urefu sikubaliani nawe. Nimesimama pembeni ya ulingo miaka mingi. Ng'ombe mfupi akiingia mstarini na warefu, macho ya jaji yanampita. Mtu anayefuga kwa ajili ya maonyesho akifuata ushauri wako atabaki na ng'ombe wazuri wa nyumbani wasioitwa mbele kamwe.

#5 Mfugaji wa Utange

Mzee wangu, shikamoo. Jicho la jaji kuvutwa na ng'ombe mkubwa ni kweli, silikatai. Ila tazama alama zenyewe zinakokwenda. Kwenye kadi ya alama za ng'ombe wa maziwa inayotumika Marekani, kiwele peke yake kina alama 40 kati ya 100. Miguu ya nyuma na kwato ni 20. Hayo mawili yanakula zaidi ya nusu. Katika madarasa ya mitamba ambayo haijazaa urefu unasaidia, maana kiwele hakijaja. Lakini utepe mkubwa huwa wa ng'ombe mwenye maziwa, na hapo mrefu wa kiwele kibovu anashuka mstari mbele ya macho yako.

Tena urefu ni sifa inayorithiwa kwa wepesi, kiasi cha asilimia 40 ya tofauti kati ya ng'ombe hutokana na damu. Uzazi hurithiwa kwa chini ya asilimia 10. Ukitaka kurefusha zizi lako, fahali mmoja au wawili wanatosha, unaweza kulifanya wakati wowote. Uwezo wa kushika mimba ukiupoteza, kuurudisha ni kazi ya vizazi. Kwa hiyo kinachokuja polepole ndicho nakipa nafasi kila mwaka bila kukosa.

Na mwili mkubwa una gharama yake pwani. Chakula kingi kinachosagwa tumboni kinatoa joto, maziwa mengi yanatoa joto, na joto hilo lazima litoke kwenye ngozi na pumzi katika hewa ambayo tayari imejaa unyevu. Jersey anastahimili kuliko Friesian, na udogo wake ni sehemu ya sababu. Mzee, zizi lako mwenyewe unalijua, nakuomba utazame ni majike yapi yamefika uzao wa tano humo. Nadhani hayatakuwa yale marefu zaidi.

#6 Mzee wa Changamwe

Marahaba. La uzao wa tano ni kweli, waliofika huko kwangu ni wa kimo cha kati. Lakini nasimamia neno langu kwa mitamba: darasa la mitamba usipokuwa na kimo, umekwenda kutembea.

#7 Mfugaji wa Utange

Hapo tumekubaliana mzee. Basi aliye na majike mengi ayagawe. Yale bora, ambayo unataka binti zao wabaki, yapate fahali wa kiwele, miguu na uzazi. Moja au mawili ya kimo kizuri na mwili uliojaa yapate fahali wa kutoa mtamba wa kushindana. Shida yangu ni yule anayetia mbegu ya huyo fahali wa kushindana kwenye zizi zima kisha anabakisha mitamba yote.

#8 Mama Maziwa Miritini

Habari zenu. Kaka, umemsema Friesian na Jersey, Sahiwal umemwacha wapi? Mimi majike yangu ni mchanganyiko, Ayrshire na Sahiwal, na kiangazi hayanisumbui. Je, hao hawana nafasi kwenye maonyesho?

#9 Mfugaji wa Utange

Wana nafasi dada, ila uliza mapema wanaingia darasa gani, kwa sababu anayeshindana kama Ayrshire safi anahitaji ukoo ulioandikwa.

Kwa kufuga pwani, mchanganyiko wako una historia ya heshima. Sahiwal alianza kuletwa Kenya mwaka 1939 kutoka bara la Hindi, na zizi la taifa la Sahiwal likawekwa Naivasha. Hapa jirani Kilifi, shamba kubwa la Kilifi Plantations lilifuga kwa miaka mingi mchanganyiko huo huo wa Ayrshire na Sahiwal, kwa kubadilishana fahali kizazi kwa kizazi, na rekodi zake zikatumika na watafiti.

Jambo la kuangalia kwako ni hili. Jike mwenye damu nyingi ya Ayrshire mpe fahali wa Sahiwal, mwenye damu nyingi ya Sahiwal mpe wa Ayrshire. Ukiendelea na Ayrshire tu vizazi vitatu kwa sababu maziwa yanapanda, ule ustahimilivu unaousifu utakuwa umeondoka. Na kwa Sahiwal chagua fahali ambaye mama yake alitoa maziwa bila ndama pembeni, maana tabia hiyo ya kugoma kuteremsha maziwa ndama akiondolewa ipo kwenye damu hiyo, na binti anaweza kuirithi. Chuchu zao nazo, tofauti na tulivyosema juu, tatizo lao ni kuwa kubwa kupita kiasi. Mdomo wa ndama mchanga haushiki.

#10 Mhamilishaji Kisauni

Naongeza kutoka kazini. Wateja wengi wananipa jina la fahali waliyemwona kwenye picha, hawajasoma karatasi. Naomba watu wafahamu mambo matatu kabla ya kuniita.

Kwanza, karatasi za Marekani zinatoa PTA, yaani kile ambacho fahali anatarajiwa kumpitishia mtoto. Nchi nyingine zinatoa thamani nzima ya fahali mwenyewe, ambayo ni mara mbili yake. Fahali wa kilo 400 za maziwa kwenye karatasi moja na wa kilo 800 kwenye nyingine wanaweza kuwa sawa. Tena kila nchi ina msingi wake wa kulinganisha, kwa hiyo msizipambanishe hivi hivi.

Pili, kiwango cha uhakika. Tangu 2009 Marekani inatoa tathmini rasmi kwa kusoma jenomu, yaani vinasaba vyote vya mnyama, fahali anauzwa mbegu kabla binti yake yeyote hajakamuliwa. Si uongo, ni makadirio mazuri, lakini yanaweza kupanda au kushuka binti wakianza maziwa. Kwa mfugaji mwenye majike matano, nashauri fahali ambaye binti zake wapo tayari, na uhakika umepita asilimia 90. Anayetaka vijana achanganye wawili watatu, asiweke zizi zima juu ya mmoja.

Tatu, msidharau mbegu za nyumbani. Kituo cha uhamilishaji cha Kabete, ambacho leo ni KAGRC, kituo cha taifa cha mbegu za mifugo, kilianza kazi 1946. Binti wa fahali aliyepimwa hapa wanakula majani yetu na kuumwa na kupe wetu. Namba ya fahali bora huko Ulaya si hakika ya kwamba atakuwa bora kwa mpangilio ule ule hapa kwetu.

#11 Kijana wa Likoni

Shukran sana kaka. Kuna herufi niliziona kwenye karatasi ya fahali wa Jersey, JH1C. Hizo ni nini?

#12 Mhamilishaji Kisauni

Umeuliza la maana. Hiyo ni alama ya kasoro ya kurithi katika Jersey, na C inaonyesha fahali ni mbebaji. Mwenyewe ni mzima kabisa. Lakini akikutana na jike mbebaji, mimba moja kati ya nne hufa mapema, wewe unaona ng'ombe amerudia tu. Ilifuatiliwa nyuma hadi kwa fahali mmoja wa zamani wa Marekani, Observer Chocolate Soldier. Friesian nao wanayo yao, HH1, iliyotoka kwa fahali Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa 1962. Damu yake ilisambaa dunia nzima kwa sababu binti zake walikuwa na maziwa kweli kweli, na kasoro ikasafiri nayo bila mtu kujua hadi 2011.

Mbebaji si lazima umkatae, ila huwezi kumtumia kwa majike usiyojua baba zao. Kwa mitamba ya kubaki mimi ningemwacha, maana nusu ya binti zake watakuwa wabebaji na utabaki na hesabu hiyo kila mwaka.

#13 Mama Maziwa Miritini

Na hao wanaoitwa wa nywele fupi? Nasikia kuna Friesian wa kuvumilia joto.

#14 Mfugaji wa Utange

Wapo, dada. Ni jeni iliyotoka kwa ng'ombe wa Senepol, kisiwa cha Saint Croix huko Karibi. Nywele zinakuwa fupi na laini, ng'ombe anatokwa jasho vizuri zaidi, joto la mwili halipandi upesi. Mabadiliko yenyewe yalitambuliwa 2014. Uzuri wake ni kwamba nakala moja inatosha: fahali akiwa na moja, nusu ya ndama wanaipata, akiwa na mbili, wote wanaipata. Kwa pwani hii mimi naiona ni mbegu ya kutafutwa kwa bidii. Lakini usiache kusoma kiwele. Nywele fupi juu ya kiwele kilicholegea bado ni ng'ombe wa kuuza.

#15 Kijana wa Likoni

Ami, mawili ya mwisho. Mtamba wangu nimpandishe lini ili aje maonyesho akiwa na maziwa? Na hizi mbegu za kuzaa majike, nimtilie yeye au mama yake? Nimesahau, kuna mtamba mwingine pia, pacha, mwenzake alikuwa dume.

#16 Mfugaji wa Utange

Mimba ni siku 280 hivi. Ukimpandisha katikati ya Septemba anazaa kuelekea mwisho wa Juni, na mwisho wa Agosti ana wiki tisa kumi za maziwa, uvimbe wa kiwele umeshaisha na umbo limekaa. Tena Septemba bado kuna ubaridi, anashika mimba kuliko ukingoja Januari. Lakini asipandishwe kwa kalenda peke yake. Awe amefika asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa ng'ombe mzima wa kwenu. Kama mama zake wana kilo 380, yeye awe amepita 230. Akiwa chini ya hapo, acha maonyesho ya mwaka ujao yapite.

Mbegu za kuzaa majike tilia mtamba, si mama. Zinatoa jike mara tisa katika kumi, lakini kushika mimba kunapungua, na mtamba anashika kuliko ng'ombe aliyeko kwenye maziwa. Pia ndama jike ni mdogo kidogo, kuzaa kwa kwanza kunakuwa kwepesi. Hata hivyo mchagulie fahali mwenye alama nzuri ya kuzalisha kwa wepesi. Akionekana anataka dume asubuhi, apandishwe jioni. Akionekana jioni, asubuhi ya pili.

Huyo jike aliyezaliwa pacha na dume usimhesabu. Zaidi ya tisa katika kumi huwa hawazai kabisa, kwa sababu damu zao zilichanganyika tumboni. Mwite daktari wa mifugo ampime kabla hujamlisha mwaka mzima. Akithibitika, muuze kwa nyama.

#17 Mhamilishaji Kisauni

Kijana, ukiamua Septemba niambie wiki mbili kabla. Mbegu za majike haziko kwenye mtungi wangu kila siku, lazima niagize, na nataka tuipitie karatasi ya fahali pamoja ukiwa na daftari lako mkononi tuone baba wa huyo mtamba ni nani.

#18 Kijana wa Likoni

Baba yake ninaye kwenye cheti, babu yake upande wa mama simjui. Nitamuuliza aliyeniuzia kesho, inshallah, kisha nakupigia.